Mkunga wa milango

Saa mbili na robo asubuhi, katika chumba cha nyuma ya duka la vioo, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anapitisha waya wa shaba kwenye tundu la duara la chuma. Waya unaingia, unazunguka ukingo, unatoka, unaingia tena. Midomo yake inacheza bila kutoa sauti.

Mteja mgeni anaingia, anavua kofia. "Habari ya asubuhi, fundi?"

"Mia nne na kumi na mbili," anajibu mwanamke bila kuinua macho.

Mteja anageuka kutazama nyuma yake, labda kuna mtu mwingine aliyesemeshwa. Sauti ya fundi vioo inamfikia kutoka duka la mbele: "Vuta kiti ukae, ndugu yangu. Hajakutukana. Akifika mia tano atakusalimia vizuri, mpaka watoto atawaulizia."

Na kweli. Anapofika mia tano anabana waya kwa kibanio cha nguo, anahamisha kizibo kimoja cha soda, kimoja kwa kila mia, kutoka kopo la kushoto kwenda la kulia, anainua uso na kutabasamu. "Nzuri, kaka. Karibu. Watoto hawajambo?"

Kila anayepita mara kwa mara katika chumba hiki anaujua utaratibu huo. Mama yake mzazi akimpigia simu na kujibiwa "mia tisa na tatu", hukata bila kinyongo na kupiga tena baadaye.

"Ukinisalimia nikakujibu 'nzuri', namba imekwenda," anaeleza. "Ikienda, nafumua naanza moja. Kwa hiyo nakujibu kwa namba yenyewe. Wewe umejibiwa, na mimi sijapotea."

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ni kubuni na kusuka transfoma ndogo za milango inayofunguka yenyewe, ile ya vioo inayoteleza pembeni mtu anapoikaribia. Mtaani hawamwiti fundi. Wanamwita Mkunga.

Transfoma iliyo mezani leo, Alhamisi, si ya mteja wa kawaida. Ni ya kliniki ya mazoezi ya viungo anakofanya kazi mdogo wake, anayetumia kiti cha magurudumu. Mlango wa kliniki hiyo umekufa kwa miezi mitano. Uongozi umechoka kusubiri, na umeshaagiza mlango wa kawaida wa mbao wenye springi. Seremala ataanza kuufunga kesho saa sita mchana.

"Kesho saa sita," Mkunga anarudia, kisha anarudisha macho kwenye duara la chuma. "Mia tano na moja."

Jina la Mkunga lilitokana na kibao.

Miaka sita iliyopita, alipofungua chumba hiki, alimwita mchora mabango na kumwambia aandike: Transfoma za milango ya kujifungua yenyewe, karibuni. Ubao ulikuwa mfupi. Mchora mabango, ambaye alikuwa na rangi nyekundu nyingi na nyeusi kidogo, aliandika "transfoma za milango ya" kwa herufi nyembamba juu kabisa. Chini yake, kwa herufi nyekundu zinazoonekana kutoka kona ya pili, akaandika "KUJIFUNGUA" na "KARIBUNI". Neno "yenyewe" halikupata nafasi.

Siku ya nne akaingia mwanamume amebeba beseni na mfuko wa nguo, mkono mwingine amemshika mkewe aliyejishika kiuno.

"Akaniuliza, 'Dada, mkunga yuko wapi?'" anakumbuka. "Nikamwambia hapa hakuna mkunga, hapa ni umeme. Yule mama akaniangalia, akasema, 'Umeme au si umeme, mimi sitoki.'"

Fundi vioo anaingia kati kusimulia sehemu yake, kwani hamwachii mtu mwingine aisimulie. Alipakua vioo kwenye gari lake dogo, akamlaza yule mama juu ya mablanketi ya kufungia vioo, na kuelekea hospitali. "Nilivyoendesha siku ile, kama nimebeba kioo cha dirisha la duka," anasema. "Kila tuta nalibembeleza. Na yeye huko nyuma anapiga kelele, 'Kanyaga mafuta, baba, hiki si kioo.'"

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini baba yake akipita mtaani humtambulisha kama Transfoma. Kibao hakikubadilishwa. Mkunga aliongeza tu neno "yenyewe" kwa chaki, na kila mvua ikinyesha huliandika upya.

"Ningekifuta ningepoteza jina," anasema. "Na jina limeniletea kazi kuliko cheti."

Akiulizwa anatengeneza nini hasa, ana maelezo aliyozoea kuwapa watu wa kila aina. "Umeme wa ukutani ni mkali, na mota ya mlango ni mtoto mchanga. Huwezi kumpa mtoto chakula cha mtu mzima. Transfoma inapokea volti mia mbili na thelathini, inaupoza umeme, inatoa ishirini na nne. Basi."

Transfoma za dukani zipo. Shida ni kwamba mlango wa namna hii huficha vifaa vyake vyote katika kasha jembamba lililolazwa juu ya fremu, na makasha hayafanani. Transfoma inayoingia haina nguvu, yenye nguvu haiingii. Na umeme unaopanda na kushuka huziunguza zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali ambako umeme umetulia. Mlango hukwama nusu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kwa hiyo Mkunga hubuni ya mlango mmoja mmoja. Huuliza uzito wa kioo, kama jua linapiga kwenye kasha, umeme wa pale una tabia gani, na mlango unafunguka mara ngapi kwa saa. "Mlango wa benki na wa duka la dawa si ndugu," anasema. "Wa benki una heshima, unafunguka taratibu. Wa duka la dawa haupumziki, mtu anatoka anakumbuka kasahau dawa ya kikohozi, anarudi."

Akishapata majibu huchora katika daftari la miraba: unene wa waya, idadi ya mizunguko, kimo, upana. Kwa mwezi hutoa transfoma saba hadi tisa. Mbili huenda kwenye kodi ya chumba, mbili kwenye shaba na chuma, moja kwenye dawa za mama. "Zinazobaki ndizo mimi," anasema. Kuna mwezi mmoja mwaka huu alitoa tatu tu, na mwezi huo, anasema, hakuwepo.

Jambo moja ana msimamo nalo. Hapokei kipimo cha mdomo. Mteja anaandika mwenyewe, kwa milimita, na kutia sahihi. Ukutani kuna karatasi hizo zimetungwa kwenye msumari, nene kama kitabu.

Katika karatasi zote hizo, ya kipimo cha kwanza cha kliniki ya mdogo wake haimo.

Kusuka waya alijifunza kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa mota za feni na pampu za maji. Meza anayofanyia kazi ni ya baba. Ina shimo la kuungua pembeni, mahali alipokuwa akiweka chuma cha kulehemu kila siku huku akisema kesho atatengeneza pa kukiwekea.

Alisoma mpaka kidato cha nne, akapata mafunzo ya ufundi umeme kwa mwaka mmoja, na kwa miaka tisa alifanya kazi katika karakana ya kutengeneza stabilaiza, vile vifaa vya kutuliza umeme. Jumamosi alikuwa anarudi kwenye meza hii. Baba anasuka upande huu, yeye upande ule, wote wawili wanahesabu kimoyomoyo. Saa nzima ingepita hakuna aliyesema neno.

"Watu walidhani tumegombana," anasema. "Kumbe ndiyo mazungumzo yetu."

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Ameacha daftari lenye jalada la bluu ambalo halina jina la mashine hata moja. Kuna kurasa zinasema: "Feni ya mwalimu mkali, mizunguko 640." "Pampu ya jirani asiyelala, waya mnene." "Feni ya mama mapacha, nimemwongezea kidogo, chumba chake kina joto." Mkunga hulifungua mara chache. Anasema akilisoma haoni namba, anaona nyuso, na zingine za watu ambao nao wameshatangulia.

Baba alikuwa na mazoea mengine. Nyumbani alipima kila kitu kwa vidole. Rafu ya vyombo, vidole kumi na viwili. Kitambaa cha pazia kipunguzwe vidole viwili. Watoto wake wakakua wakisema vidole, na hakuna aliyeuliza vya nani, kwa sababu nyumbani kidole kilikuwa kimoja tu, cha baba.

Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Mdogo wake ana miaka thelathini na minne. Ni mtunza kumbukumbu wa kliniki, na wenzake humwita Karani. Ana sauti ya juu, kalamu tatu kwenye nywele, na hakuna anayeshindana naye kwa maneno.

Miaka minne alikuwa akiingia kazini bila kumsumbua mtu. Mlango ulimwona, ukafunguka, akapita. Siku transfoma ilipoungua, kioo kikasimama. Kikitaka kusukumwa pembeni, kinahitaji mtu mwenye miguu miwili ya kukita chini. Mlinzi akawa ndiye mlango.

"Mlinzi ni mtu mwema," anasema Karani. "Lakini naye ana tumbo, ana simu, ana choo. Kuna siku ya mvua alikuwa amekwenda kula. Nilikaa nje dakika kumi na moja. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, naiona ndani kupitia kioo. Wagonjwa wananiona, wana magongo, hawawezi kunifungulia. Tunatazamana tu kama samaki."

Hakulia, anasema. Alipungia watu mkono.

Mlango wa mbao wenye springi utakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa huo unavutwa kwa nguvu na kurudi kwa nguvu. Alijaribu mmoja wa namna hiyo ofisi nyingine. Alifanikiwa kuufungua robo, ukamrudisha nyuma yeye na kiti chake.

"Mimi sitaki kufunguliwa," anasema. "Nataka kufungua. Hayo ni mambo mawili."

Kwa miezi mitatu ya kwanza kliniki ilijaribu transfoma za kununua. Ya kwanza haikuingia kwenye kasha, ya pili iliingia ikaungua baada ya siku tisa. Muda wote huo Karani alikuwa akimwambia dada yake nyumbani, na dada yake akiahidi.

"Nilimwambia, dada, unafungulia watu wa benki wenye miguu yao yote," anasimulia Karani. "Mdogo wako anafunguliwa na mlinzi. Mganga hajigangi, lakini basi hata ndugu zake?"

Mwezi uliopita Mkunga alikubali. Alikuwa mezani, ana waya mkononi, akampigia mdogo wake simu kazini na kumuuliza nafasi iliyopo ndani ya kasha ni kimo gani. Karani akamwomba mlinzi ashushe kifuniko, akate kipande cha mbao kinachotosha nafasi ile na kumletea, kisha akakipima.

"Vidole vitatu, dada."

"Vitatu kamili?"

"Vitatu kamili. Vimebana."

Mkunga, mtu ambaye hamwamini hata meneja wa benki bila sahihi, akaandika vidole vitatu na kuanza kazi. Alisuka kwa siku mbili. Alipoipeleka kliniki, akaipandisha kwenye kasha, kifuniko kikakataa kufunga. Ilizidi kwa milimita sita.

"Nikamwambia, uliniambia vitatu. Akasema ni vitatu. Nikaweka vyangu, akaweka vyake." Anainua mkono wake wa kulia. Vidole vyake ni vifupi, vinene, vimekomazwa na waya. Vidole vyake vitatu ni milimita hamsini na moja. Vya Karani, mtu wa kalamu na karatasi, ni arobaini na tano.

Walikaa chini ya mlango ule wakicheka mpaka msimamizi wa kliniki akatoka kuangalia kuna nini. Halafu, anasema Mkunga, kicheko kikaisha kwa wote wawili wakati mmoja, na wote walijua wanamfikiria nani.

"Mzee alipoondoka, aliondoka na rula," anasema. "Hatukuwa tumegundua."

Msimamizi, mwanamke mpole lakini mwenye mkaguzi anayemngoja, hakuweza kusubiri tena bila kikomo. Mlango mbovu wa kituo cha wagonjwa ni hatari moto ukitokea. Alitoa siku kumi. Ya kumi ni kesho Ijumaa.

Transfoma nene haiwezi kukonda. Ukipunguza chuma, nguvu inapungua, na mlango wa kliniki ni mzito. Kwa siku nne Mkunga alichora na kufuta. Siku ya tano alikwenda kliniki na rula ya chuma, akapanda ngazi, akapima kasha lote kwa milimita. Akajiandikia karatasi, akatia sahihi yake mwenyewe.

Kasha lilikuwa fupi kwa kimo, lakini refu kama benchi. Nafasi ilikuwepo, ila ilikuwa imelala.

"Nikasema, kama mmoja mnene haingii, waingie wawili wembamba," anaeleza. Alibuni transfoma mbili zilizo bapa, kila moja yenye kimo cha milimita arobaini na moja, zilale zikifuatana kama jozi ya ndala. Kila moja inatoa volti kumi na mbili. Zikiunganishwa kwa kufuatana, zinatoa ishirini na nne.

Fundi vioo aliposikia alitoka dukani kwake akatangaza mtaa mzima kwamba Mkunga ana ujauzito wa mapacha.

Pacha wa kwanza alikamilika Jumanne. Wa pili ndiye huyu aliye mezani, mwenye mizunguko elfu moja na mia sita ya waya mwembamba, kisha themanini na minane ya waya mnene juu yake. Saa saba mchana kizibo cha kumi na sita kinahamia kopo la kulia. Saa tisa waya mnene umekamilika. Anaupaka vanishi, anaweka transfoma karibu na jiko la umeme ikauke, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anakunywa maji.

"Sasa nisalimieni," anawaambia waliomo.

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, mlango wa mbao umeshafika kliniki. Umeegemezwa ukutani, umefungwa kwa maboksi, na springi yake imening'inia kwenye mfuko wa plastiki. Seremala ameketi juu ya sanduku lake la vifaa. Hana haraka, ila ana saa.

Mkunga yuko juu ya ngazi. Mlinzi ameishika kwa mikono miwili. Karani ameacha mafaili yake na kuja na kiti mpaka karibu na kizingiti, upande wa nje.

"Rudi kazini," dada yake anamwambia kutoka juu.

"Niko kazini. Kazi yangu ni kumbukumbu. Nataka kuikumbuka hii."

Mapacha wanaingia kwenye kasha, wa kwanza, kisha wa pili. Mkunga anapitisha kidole kati ya transfoma na paa la kasha. Kuna hewa. Anaunganisha nyaya mikono ikiwa juu ya kichwa, kichwa kimeinamia pembeni, akitumia hisia zaidi kuliko macho. Saa tano na robo anamwomba mlinzi awashe swichi kuu.

Taa haiwaki. Jicho la mlango, lile linaloona anayekaribia, limebaki jeusi, na kioo hakijatikisika.

Seremala anatazama saa yake, kisha anatazama kwingine, kama mtu asiyetaka kuonekana ametazama.

"Dada?" anaita Karani.

Mkunga anatoa mita ya kupimia umeme. Anagusa nyaya kwa ncha za mita. Pacha wa kwanza, volti kumi na mbili. Wa pili, kumi na mbili. Anagusa ncha mbili za mwisho, zile zinazopaswa kutoa ishirini na nne. Mita inasema sifuri.

Anaomba swichi izimwe. Anakaa juu ya ngazi, ameshika mita kifuani. Jana alizipima mezani, moja moja, zote nzima. Mlinzi aliye chini anaanza kusema kitu, lakini Karani anamwashiria kwa kalamu anyamaze.

Kisha mabega ya Mkunga yanaanza kutikisika, na inachukua muda watu kugundua kwamba anacheka.

"Wamegombana," anasema. "Mapacha wamegombana."

Anawaeleza huku anafungua skrubu. Kila transfoma ina waya wa kuanzia na waya wa kuishia. Zikiunganishwa vizuri, zinasukuma upande mmoja. Ukigeuza nyaya za moja, hiyo inasukuma huku na mwenzake anasukuma kule, nguvu sawa kwa sawa, na kinachobaki ni sifuri. Mikono ikiwa juu ya kichwa, alikuwa amegeuza.

"Kama watu wawili wanavutana shuka," anasema mlinzi.

"Na wote wanapata baridi," anajibu Mkunga. Anabadilisha nyaya mbili tu. "Washa."

Jicho linawaka jekundu. Kioo kinatikisika, kinasita, halafu kinateleza pembeni kwa mlio mwembamba wa kitu ambacho hakijasogea kwa muda mrefu.

Hakuna aliyepiga makofi. Karani anaweka mikono kwenye magurudumu na kuingia. Anafika katikati ya ukumbi, anageuka, anatoka. Mlango unajifunga nyuma yake. Anageuka tena, na mlango unafunguka. Anafanya hivyo mara nne, uso umetulia kabisa, kama mtu anayehakiki hesabu. Mara ya tano anasimama ndani, na hapo anafunika uso kwa faili lililokuwa mapajani.

"Sasa mimi nifanye kazi gani?" mlinzi anauliza, ngazi bado iko mikononi mwake.

"Ulinzi," anasema Karani nyuma ya faili.

Mkunga anakataa kushuka mpaka ipite saa moja. Anaomba watu wapite, wagonjwa wenye magongo, wauguzi, seremala, yeyote. Kila baada ya dakika kumi anaweka nyuma ya mkono kwenye mapacha kusikiliza joto. Saa sita na robo anatamka kwamba wana joto la mtu mwenye afya. Msimamizi anatia sahihi. Mlango wa mbao unapelekwa stoo ya nyuma, ambako mlango uliopo umeliwa na mchwa, na seremala anapata kazi yake vilevile.

Pamoja na malipo, msimamizi anampa Mkunga mota ya zamani ya mlango wa pembeni, ambao ulizibwa kwa matofali. Imekaa kwenye sanduku miaka miwili, nzima.

Jioni hiyo mota hiyo imewekwa juu ya meza ya sebuleni, katika nyumba ya vyumba vitatu ambako mabinti hawa wawili wanaishi na mama yao. Mama, mwenye miaka sabini na mmoja, anaizunguka kama mtu anayemkagua kuku wa kununua.

"Ya nini hii?"

"Ya mlango wa mbele, mama," anasema Mkunga. Ameshaanza kuchora. Umeme wa nyumbani hukatika, kwa hiyo kutakuwa na betri. Kizingiti kitachongwa kiwe mteremko. Transfoma itakuwa moja, kwa kuwa mlango wa mbao wa sebule ni mwepesi na nafasi ipo.

"Hapana," anasema mama. "Mlango unaomfungulia kila anayepita si mlango. Mtu aingie nyumbani kwangu bila hodi? Kuku, mbuzi, wa kuomba chumvi, wote unawafungulia tu?"

"Hautakuwa na jicho, mama. Utakuwa na kitufe, kwenye mkono wa kiti cha mdogo wangu. Wengine wote mtabisha."

"Mimi nibishe nyumbani kwangu?"

"Utabisha, mama, na utafunguliwa."

Mama anavuta kiti anakaa. Anaitazama mota, anamtazama mtoto wake mdogo.

"Wewe unasemaje?" mama anamuuliza.

Karani anachomoa kalamu moja kwenye nywele, anaichezea. Tangu utotoni, anasema, mgeni akibisha hodi yeye ndiye huwa wa kwanza kuitikia, kwa kuwa yuko sebuleni daima. Husema karibu, na mgeni hubaki nje amesimama mpaka mtu mwingine atoke jikoni au uani kuja kumfungulia. Wengine huchoka wakaondoka. Wengine hudhani amewakejeli.

"Nataka siku moja niseme karibu," anasema, "halafu mlango ufunguke."

Mkunga anatarajia kuwa ameufunga kabla ya mwaka kwisha. Kipimo ameshakichukua, kwa milimita, na amewataka wote watatu watie sahihi. Mama ametia yake mwisho, baada ya kuuliza kama kile kitufe kinaweza pia kukataa.

"Kinaweza, mama."

"Basi endelea," anasema mama.